Mtambo Uliomlilia Bi Mdogo

Sura ya Tatu

Inspekta Kaingu aliinama nyuma ya mtambo, akasogeza pua yake karibu na kifungo cha sauti, akanusa. Mtu angeingia wadini wakati ule angedhani serikali imeishiwa na mbwa.

Harufu ilikuwapo bado. Ilikuwa ya asumini, na chini ya asumini kulikuwa na kitu kizito zaidi, kama udi uliolala ndani ya mafuta. Mafuta yenyewe yaliganda kwenye meno ya kifungo, pale kidole kinaposhika.

Mtambo ulikuwa kama televisheni ndogo. Wafadhili waliuleta katika Hospitali ya Bibi Zuwena, pale Kibokoni, ukiwa umeshatumika kwao hata rangi imechujuka. Nyaya tatu zilitoka ndani yake, kila waya na kibandiko chake cha kugandishwa kifuani mwa mgonjwa. Moyo ukienda sawa, mtambo hukaa kimya. Moyo ukienda mbio, au ukilegea, au ukipotea, mtambo hupiga king'ora. Alhamisi alasiri moyo wa Mzee Taib, mwenye duka la leso Biashara Street, ulipotea, na mtambo haukusema kitu. Kifungo cha sauti kilikutwa kimezungushwa mpaka mwisho. Daktari aliurudisha moyo kwa taabu, lakini tangu hapo mzee hajafumbua macho, na sasa alikuwa amehamishwa kitanda cha mbele, karibu na meza ya manesi.

Mtu alikuwa ameshatiwa ndani. Inspekta Kenga, ambaye nyota ya tatu ilikuwa ikimwasha begani kabla hajapewa, alimkamata nesi wa zamu, Purity Tsofa. Jumatatu asubuhi apelekwe kortini kwa kujaribu kuua. Kwa maelezo ya Kenga, Bi Mdogo wa Mzee Taib alimtia nesi kitu mkononi, nesi akazima sauti, ili Bi Mdogo awe mjane angali na meno yake yote; naye Bi Mdogo angefuata seli nesi akishamtaja. Mkubwa wao wa kazi hakuyapenda maelezo hayo, akampa Kaingu faili Jumamosi usiku ayapitie, na sasa ilikuwa Jumapili. Kenga alimkabidhi faili lile kama mke anavyomkabidhi mke mwenzake sufuria la kusugua.

"Wanusa nini, mwanangu?" aliuliza mtu nyuma yake. "Kama ni njaa, jikoni kuna mahamri."

Alikuwa Metroni Mejumaa, mkuu wa manesi, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweupe.

"Nanusa mkono wa mtu, bibi."

"Basi huo ni mkono wa Fadhiya. Bi Mdogo. Wadi nzima yaijua harufu hiyo, hata wale wasiojijua."

Kaingu alikuwa anafungua mdomo kuuliza swali jingine, mara mtambo wa kitanda cha pili ukapiga kelele. Aliruka, mkono ukaenda kiunoni. Metroni alimtazama mkono, akamtazama uso, akaenda kwa mwendo wake mpaka kwenye kile kitanda. Alirudi akifuta vidole.

"Alikuwa yuajikuna," alisema. "Kaa, usimpige mtu risasi."

Walikaa mezani. Kaingu alitoa kalamu.

"Hulia mara nyingi?"

"Niulize ni lini hulia mara chache. Mgonjwa akikohoa, yalia. Akijigeuza, yalia. Stima ikiyumba, yalia. Jasho likimtoka, kibandiko kikateleza, yalia. Na mtu akitaka kufa pia yalia, kwa sauti ile ile."

"Haiwezi kupangwa ilie kwa lile la maana tu?"

"Yaweza. Kila mtambo una vipimo vyake, kwamba moyo ukifika hapa piga kelele. Vipimo hivi vilipangwa huko ilikotoka, kwa watu wa huko. Kitabu chake ni cha Kijerumani. Daktari alisema atatafuta mtu wa kukisoma, nami nangoja."

Mtambo wa dirishani ulilia. Safari hii Kaingu aligeuza shingo tu. Metroni aliinuka, akaenda, akarudi.

"Kikohozi," alisema.

"Na wa Mzee Taib?"

Metroni alijaribu kuuzuia mdomo wake usicheke, ukamshinda upande mmoja. "Huo ndio uliotupa mchezo. Mzee ana wake wawili. Bi Mkubwa ni Mwanakuu, Bi Mdogo ni Fadhiya. Humuuguza kwa zamu kama walivyokaa naye nyumbani, leo huyu, kesho yule, na ole wake atakayeiba dakika ya mwenziwe. Basi Bi Mkubwa akija, mtambo kimya. Amsomea, ampepea, amlisha, kimya. Bi Mdogo akija, avuta pazia, ngoja kidogo, pii, pii, pii. Manesi wakasema moyo wa mzee wamlilia Bi Mdogo. Likawa ndilo neno la wadi. Mtambo huo ukilia, 'Bi Mdogo kaja,' na hapana anayeinuka."

"Bi Mkubwa alilijua?"

"Jambo kama hilo mke mkubwa asilijue? Alinijia hapa hapa. 'Metroni, nimesikia mtambo huu hulia akiingia yule. Ni kweli?' Nikamwambia ni kweli, mamangu, hulia."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Aliusogelea mtambo, akausimamia mbele kama amtazamaye mgeni asiyeamkua. Kisha akaenda zake."

Kaingu aliandika. "Alhamisi ilikuwa zamu ya nani?"

"Ya Fadhiya. Alikuja mapema, saa ya kutazama wagonjwa haijafika. Mimi nilikuwa kwenye ukumbi na sinia la dawa. Akanipita, buibui, ukaya usoni, na harufu yake imetangulia. Nikamwacha. Mtambo ukalia, nikasikia manesi wanacheka, ukanyamaza. Baadaye namwona Fadhiya yuaingia tena kutoka nje, ana chupa ya uji. Akavuta pazia, akapiga ukemi. Mzee alikuwa ameshageuka rangi."

"Yuaingia tena," alisema Kaingu. "Ulimwona akitoka?"

Metroni aliivua miwani, akaipangusa kwa pindo la gauni. "Hilo sikuliona."

"Mara ya kwanza ulimwona uso?"

"Nimekwambia alikuwa na ukaya."

"Kwa hivyo uliona buibui na ukanusa mafuta."

"Sema hivyo ukitaka."

Kaingu aliinama akawa anaandika, mstari baada ya mstari. Alipoinua kichwa alimkuta Metroni anamtazama, mikono ameikunja kifuani.

"Inspekta. Umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"King'ora. Kimelia nyuma yako hivi sasa, na wewe hukutikisa hata sikio." Aliinuka, akajikokota mpaka kitanda cha pili. Alipokuwa anabandika kibandiko cha yule mwenye kujikuna, alisema bila kugeuka, "Hata kiti hakijapata moto. Purity yuko hapa tangu mitambo hii ishuke melini."

*

Purity Tsofa alikuwa msichana wa Rabai, mwembamba, bado na gauni lake jeupe, ambalo seli ilikuwa imeshalifanya si jeupe. Kaingu alimtoa, akamkalisha kwenye chumba cha taarifa, akamwekea chai.

"Kifungo cha sauti ulikigusa?"

"Nilikigusa asubuhi. Nilipunguza, sikuzima. Kila nesi hupunguza, afande, hata Metroni, usimwambie nimesema."

"Kwa nini hukumwambia Inspekta Kenga?"

"Aliniuliza swali moja, na jibu alikuja nalo."

Kaingu alikohoa ndani ya ngumi. "Alasiri je? King'ora cha Mzee Taib ulikisikia?"

Purity aliizungusha bilauri mezani. "Nilikisikia."

"Ukafanya nini?"

"Nilikuwa nachoma mtu sindano. Mwenzangu akaniuliza, 'Hicho cha nani?' Nikasema, 'Huyo ni Bi Mdogo, mwacheni atulizwe na mumewe.' Tukacheka. Kikanyamaza. Kikinyamaza wewe huona mambo yamekwisha, huendi kutazama kwa nini."

"Ulisema kwa sauti?"

"Pazia ni kitambaa, afande. Aliyekuwa nyuma yake alisikia kila neno."

"Hayo maneno ya 'atulizwe na mumewe,' umemwambia mtu mwingine?"

"Nimwambie nani? Huyu wa seli anayekoroma?"

"Na Kenga?"

"Huyo hakuyataka. Nilipoanza, akaniambia nijibu ndio au la."

Kaingu aliyaandika maneno yale vile vile yalivyotamkwa, akayapigia mstari. Kisha akauliza, "Moyo wa mzee ulienda mbio kweli akimwona yule mke?"

Purity alimtazama kama atazamavyo mtu aliyeulizwa kama kuku hukojoa. "Na wewe ulidhani ni mapenzi?"

"Nyinyi ndio mliosema mapenzi."

"Tulikuwa tunatania. Wadi ile ukiacha mzaha, utalia na mitambo. Ni mafuta. Bi Mdogo humsinga. Akitoka, kifua cha mzee chang'aa kama sinia la biriani, vibandiko vyateleza, mtambo wadhani moyo umepotea, wapiga kelele. Mimi ndiye nilikuwa nafuta na kubandika upya. Nilimwomba asimpake kifuani. Akaniambia kifua hicho ni chake, mimi nishike mikono."

"Bi Mkubwa hampaki?"

"Yeye humsomea. Hana mambo ya mafuta."

"Na yeye hakuna aliyemwambia kuwa ni mafuta."

Purity aliiweka bilauri chini. "Hakuna aliyeuliza kwa namna hiyo."

Mlango ulifunguka bila hodi. Inspekta Kenga alisimama pale, kofia kwapani.

"Naona mfungwa wangu ananyweshwa chai," alisema. "Jumatatu ukimleta kortini umbebee na mkate."

"Nitakuletea na wewe," alisema Kaingu. "Naona huli vizuri, faili lako lote ni karatasi mbili."

Kenga alivaa kofia yake akaenda. Purity alisubiri mpaka viatu vikafifia.

"Afande, hata hakimu akiniachilia, nikishasimama kizimbani hakuna hospitali itakayonipa sindano tena. Nitarudi Rabai nikauze madafu na cheti changu ukutani."

"Jumatatu haijafika," alisema Kaingu.

*

Fadhiya alikaa Kuze, ghorofani, katika nyumba ambayo Mzee Taib aliipaka rangi upya alipomuoa, na jambo la rangi ile Mji wa Kale wote ulikuwa umeshalizungumza mpaka likachakaa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevimba macho kwa kulia, lakini wanja ulikuwa mahali pake.

"Nilifika nikiwa na uji, mara moja tu," alisema. "Sikuja kabla."

"Metroni alikunusa."

"Basi aishitaki pua yake. Nilikuwa jikoni, mama mwenye nyumba ya chini alinikopesha chujio na akasimama kunitazama nisilivunje. Kamuulize."

Kaingu alikuwa ameshamuuliza kabla ya kupanda ngazi, na yule mama alisema vivyo hivyo, akaongeza kwamba chujio lilirudi na ufa.

"Watu wasema ulimhonga nesi azime."

Fadhiya alijifuta pua kwa ncha ya leso, akainua kidevu. "Mji mzima wajua mtambo ule ulikuwa ukinililia mimi. Nikipita Kibokoni wanawake wanaonyeshana. Huyo ndiye anayeutia moyo wazimu. Nikauzime mimi? Wewe ukipigiwa tarumbeta utaenda kuikata midomo?"

Kaingu alilifikiria hilo tangu pale mpaka alipomaliza kahawa aliyowekewa. Halikuwa jibu la mtu mwema sana, lakini lilikuwa jibu.

"Mafuta yako wanunua wapi?"

"Sinunui, nachanganyiwa, na Tumu wa nyuma ya Ngome. Hayana mwenziwe Mombasa hii. Aliniapia."

*

Tumu alikuwa na kichumba cha mlango mmoja kwenye uchochoro ulio nyuma ya Ngome ya Yesu, pale wauza vinyago wanapomaliza kumsumbua mzungu na mzungu anapomaliza pesa. Alikaa chini katikati ya chupa zake, mwanamke mrefu mwenye pete ya pua, akifuta shingo za chupa moja moja kwa kitambaa.

"Masalkheri," alisema Kaingu.

"Akheri. Nikupe nini, kaka? Hapo ulipo wanukia karatasi."

"Nataka mafuta ya mke wangu. Yawe kama ya Fadhiya wa Mzee Taib."

"Hayo siuzi."

"Nitalipa."

"Si malipo. Harufu ya mwanamke ni kama sahihi yake. Nikimuuzia mwingine, kesho kuna mume amepotea nyumba. Nikuchanganyie nyingine, ya viluwa na mrehani. Mkeo atakusamehe hata hilo shati."

"Lakini ya Fadhiya umeshamuuzia mwingine."

"Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Mkono wako umeacha kufuta."

Tumu aliutazama mkono wake kama vile ni wa jirani. Akaanza kufuta tena, kwa nguvu, chupa ambayo ilikuwa imeshatakata.

"Kuna msichana yuko seli kwa ajili ya harufu hiyo," alisema Kaingu. "Nesi. Jumatatu yuaenda kortini."

"Mimi nimeapa."

"Umemwapia nani, Fadhiya au huyo mwingine?"

"Wote wawili," alisema Tumu, akaiweka chupa chini. "Na ndiyo tabu ya biashara hii. Kaka, nikuulize wewe. Mke mkubwa, mtu mwenye heshima zake, aliyeozeshwa kwa dufu na matari hata mamangu alihudhuria, akakujia amejifunika mpaka kucha, akakaa hapo ulipo, akakuomba harufu ya mke mdogo. Wewe utamkataa? Nilimwonea haya nisipate hata pa kuweka macho. Nikamjazia chupa. Wala sikumpunguzia asumini."

"Lini?"

"Jumatano. Kesho yake nasikia mzee amekata roho, kisha nasikia hajakata."

"Alisema yuaitakia nini?"

"Aliniuliza kitu kimoja. 'Tumu, ni mafuta yenyewe, au ni yeye?' Nikamwambia mafuta ni mafuta, bibi, mengine ni ya mtu mwenyewe. Naona hilo hakulipenda."

*

Nyumba ya Bi Mkubwa Mwanakuu ilikuwa ya zamani, mlango wa nakshi, ndani baridi na giza la kupendeza. Yeye mwenyewe alikuwa ukumbini juu ya mkeka, sinia la mchele mapajani, akichagua chuya. Alikuwa na umri wa kuitwa bibi na macho ya mtu anayejua alivyokuwa kabla ya kuitwa bibi. Nyumba ilinukia udi mtupu.

"Masalkheri, bibi."

"Akheri, mwanangu. Kaa. Kahawa iko kwenye buli, na halua usiione haya, naipika mwenyewe. Fadhiya halua hununua."

Kaingu alikaa, akajimiminia. "Mzee aendeleaje?"

"Nimetoka kwake asubuhi. Nimesoma mpaka sauti imekwisha, hata ukope hautikisiki." Alitupa chuya pembeni. "Kesho ni zamu ya yule. Nilitaka kuomba na ya kesho nikae mimi, nikasema la, nitadaiwa."

"Kwenye taarifa yako kwa Inspekta Kenga ulisema nesi na Bi Mdogo walipatana."

"Nilisema nilionalo mimi. Fadhiya ataka urithi angali kijana. Na yule nesi hana adabu. Mtu ana mgonjwa kitandani, yeye yuacheka. Wanawake wa watu wawageuza hadithi. Ati mwacheni atulizwe na mumewe. Hayo ni maneno ya kusemwa mbele ya mgonjwa?"

Kaingu aliiweka kahawa chini polepole.

"Nani alisema hivyo, bibi?"

"Yule nesi. Purity."

"Siku gani?"

Vidole vya Mwanakuu vilikuwa vimeshika chembe ya mchele. Viliendelea kuishika.

"Alisema Alhamisi alasiri," alisema Kaingu. "Mara moja, akichoma mtu sindano, mtambo wa mzee ulipolia. Hakumwambia mtu mwingine ila mimi, leo, na mwenzake niliyemuuliza hajayarudia popote. Kuyasikia ilibidi mtu awe nyuma ya pazia. Fadhiya alikuwa kwake yuachuja uji, nimemuuliza jirani. Na mafuta ya Fadhiya yako mahali pawili. Kwake, na kwenye chupa aliyokujazia Tumu Jumatano."

Mwanamke aliirudisha ile chembe siniani, akaisawazisha na nyingine.

"Tumu ana mdomo," alisema.

"Ana mkono. Mdomo alijitahidi."

Nje mtu alipita akinadi kahawa, vikombe vyake vikigongana, mpaka sauti ile ikapotea uchochoroni.

"Nilimpaka kama ampakavyo yeye," alisema. "Kifuani, mikononi, chini ya shingo. Nikasema leo nitajua. Nikakaa. Kimya. Nikasema haya, basi nimejua. Mara ukalia. Mwanangu, nilidhani ni masikio yangu. Ukalia pale pale, na mimi nimemshika mkono. Nimezaa na mtu huyu watoto sita, hajapata kuniambia neno, yeye ni mtu wa kukohoa tu akiridhika. Nami nikasema, alaa, kumbe limo ndani, lilikuwa halina pa kutokea. Nikafurahi kama mwari. Ndipo nikamsikia yule msichana. 'Huyo ni Bi Mdogo.' Wadi nzima yacheka, Bi Mdogo, Bi Mdogo. Hata hicho kimoja nilichopata, wampa yeye."

"Ukazima."

"Nilikitafuta kifungo nikakizungusha mpaka kikakataa. Kama hakuwa yuanililia mimi mbele za watu, basi asimlilie mtu. Kisha nikatoka kabla zamu ya yule haijaanza, nisionwe na harufu yake mwilini. Hilo ndilo nililoliona aibu. Hilo la kifungo sikuliona kitu. Nilidhani nawanyamazisha wale."

"Na moyo wa mzee ukapotea wewe ukiwa njiani."

"Nimehesabu hivyo mwenyewe." Sauti yake ilishuka. "Atafumbua mato?"

"Daktari hajui."

"Kwa hivyo ni mimi."

"Mkono ulikuwa wako, bibi. Lakini mtambo ulilia kwanza, na wote walikuwapo pale, na hapana aliyeinuka. Hilo nitaliandika pia, kwa herufi zile zile. Ila msichana yuko ndani kwa jambo asilolifanya."

Mwanakuu alilisukuma sinia mbali na mapaja yake. Alikunja mguu mmoja ili ainuke, kisha akabaki hivyo hivyo, nusu amekaa.

"Niambie moja. Ulinililia? Ule wa Alhamisi. Ulikuwa wangu?"

Kaingu alitazama kikombe chake. "Yalikuwa mafuta, bibi. Vibandiko haviwezi kushika penye mafuta. Vikiteleza, mtambo wadhani moyo haupo, wapiga kelele. Ungempaka hata mimi, ungelia."

Mwanakuu alimtazama. Uso wake ulikaa pale pale, haukukunjika wala haukukunjuka.

"Mafuta."

"Mafuta tu."

"Na Fadhiya je?" aliuliza, polepole, kama mtu anayekanyaga ubao asioujua. "Siku zile zote. Zile za pii, pii, pii."

"Vivyo hivyo. Alikuwa akimsinga kifua."

"Hata yeye haukumlilia."

"Hata yeye."

Bi Mkubwa alivuta leso akaufunika mdomo. Mabega yakaanza kutikisika, na Kaingu akageukia ukutani kumpa nafasi ya kulia. Alipoona kilio hakina kamasi, aligeuka tena. Alikuwa anacheka. Machozi yalikuwapo, yanashuka kweli kweli mpaka kidevuni, lakini chini yake alikuwa anacheka, kwa ndani, kama chungu kinachotokota kimefunikwa.

Alijifuta, akainuka, akatwaa buibui kwenye msumari. Hakujipaka kitu. Alizima mkaa wa chetezo kwa maji ya kahawa, akafunga dirisha, akamtangulia Kaingu mpaka nje. Gari la polisi lilikuwa limeegeshwa mwisho wa uchochoro, upande wa kushoto. Mwanakuu alifunga mlango wake wa nakshi kwa ufunguo mkubwa, akashika kulia.

"Gari liko huku, bibi."

"Nalijua liliko. Nikifika kituoni nitasema yote kama nilivyokwambia, na nitatia kidole, na yule msichana atalala kwao leo. Sina ugomvi naye tena. Lakini nikishaingia ndani sitatoka, na yule wa Kuze atalisikia jambo hili kutoka kwa Metroni, au kwako wewe, kwa upole." Alishusha ukaya usoni. "La mafuta atalisikia kwangu. Twende, si mbali."

Alikuwa ameshafika kwenye kona, anakwenda kwa hatua za mwanamke nusu ya umri wake. Kaingu aliufunga mkoba wake akamfuata.